Sura ya Sita: Mlango wa Maoni

Mjini Kisangani, mtu akitaka kuweka meza yake ya karanga au ya vocha za simu kwenye baraza ya duka la mwenzake, huanza kwa kubisha hodi. Humweleza mwenye duka anauza nini na atakaa hadi saa ngapi, na mara nyingi wanakubaliana kitu kidogo cha kila mwezi. Akiweka meza bila kuuliza, ataondolewa, na hakuna mpita njia atakayemtetea. Kila mtu katika komini ya Makiso anajua kwamba baraza ni ya watu kukaa na kuongea, na anajua pia kwamba ina mwenyewe.

Blogu nayo ina baraza. Ni ile nafasi iliyo chini ya makala, pale msomaji anapoacha maoni yake. Na kiungo, kile ambacho vijana wetu hukiita kwa Kifaransa lien, ni meza ya mtu iliyowekwa barazani pako. Pengine anauza chakula kizuri. Pengine anauza sumu. Atakayeulizwa ni wewe mwenye nyumba.

Nimekaa na vijana wa mji huu waliotaka kufungua blogu ya pamoja, na naona mazungumzo yao hupita njia ile ile. Jina la blogu hula jioni nzima. Picha ya juu hula jioni ya pili: tuweke mitego ya samaki ya wavuvi Wagenia, au kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire linavyoonekana kutoka mtoni? Jukwaa lenyewe huchaguliwa kwa dakika tano na yule ambaye tayari ana akaunti mahali fulani. Habari ya maoni haiguswi kabisa. Ndipo mwezi wa pili unafika, na chini ya makala ya dada aliyeandika kwa uchungu kuhusu kuzalia gizani wakati umeme umekatika, kuna matangazo kumi na mbili ya kamari.

Mambo hayo mawili yanayopitwa haraka, yaani kiungo cha mgeni na uchaguzi wa jukwaa, kwangu mimi ni jambo moja. Yote mawili yanauliza ufunguo wa mlango uko mkononi mwa nani.

Tuanze na mgeni. Kwa nini mtu asiyejua hata mkoa wetu wa Tshopo uko upande gani wa dunia ahangaike kubandika kiungo kwenye blogu yetu? Jibu linaanzia mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google. Mtambo wao ulitazama kiungo kama kura. Ukurasa uliotajwa na kurasa nyingi ulihesabiwa kuwa na uzito, na ukapandishwa juu katika majibu ya utafutaji. Muda mfupi baadaye blogu zikaenea. Blogger ilianza mwaka 1999, WordPress mwaka 2003, na blogu nyingi zikawa na kisanduku cha maoni kilicho wazi kwa yeyote. Wafanyabiashara wakaona hapo shamba lisilo na ua. Wakatengeneza programu za kuzunguka mtandaoni usiku na mchana zikipiga kura za bandia kwa kubandika viungo.

Januari 2005 Google ilitangaza dawa, na kampuni kubwa za blogu zikaikubali. Ni alama ndogo iitwayo nofollow, inayofichwa ndani ya kiungo, ambayo huuambia mtambo wa utafutaji usikihesabu kiungo hicho kama kura. Majukwaa mengi leo huiweka yenyewe katika kila kiungo kinachokuja na maoni. Wengi walitarajia taka zingekwisha. Hazikuisha. Roboti haichoki wala hailipwi mshahara, na hata kura yake isipohesabiwa, bado kuna binadamu anayeweza kubofya.

Huyo binadamu anayebofya ndiye ninayetaka tumwangalie, maana vitabu vingi vya kufundisha blogu vimeandikwa kwa watu wenye intaneti isiyokatika ndani ya nyumba zao. Msomaji wetu ananunua mega za intaneti. Ananunua za siku moja, pengine za saa chache, kwa pesa iliyobaki baada ya kununua pondu na mchele. Anasoma kwa simu, betri ikiwa imebaki kidogo, na hajui umeme wa bwawa la Tshopo utarudi saa ngapi. Kwa msomaji huyu kiungo kina bei. Ukurasa mmoja uliojaa matangazo na video inayoanza kujicheza unaweza kummalizia mega za jioni yote. Kwa hiyo anayeacha kiungo barazani pako anaingiza mkono katika mfuko wa mgeni wako.

Kutokana na hilo nimepata kanuni ambayo sijaiona ikisisitizwa inavyostahili: kiungo kisikubaliwe kikiwa uchi. Anayekileta aseme kwa maneno yake mwenyewe kuna nini huko, kwa lugha gani, na kama ni maandishi, picha au video. Mistari miwili inatosha. Roboti itashindwa mtihani huo mara nyingi, na mtu mkweli hatauona kuwa mzigo. Kanuni hiyo ina faida nyingine nitakayoirudia mbele, kwani viungo hufa na maneno hubaki.

Mega ni hasara ndogo. Kuna kiungo cha ulaghai, kile kinachotangaza kazi katika shirika la kimataifa, udhamini wa masomo ng'ambo, au mega za bure, kisha kinaomba jina, namba ya simu na ada ya kufungulia faili. Mji wetu una watu wengi wanaosubiri kitu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, pamoja na yale yaliyotokea hapa Kisangani, ambako majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita mwezi Juni 2000. Malipo yakapangwa kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, na mfuko wa kuwagawia waathirika, FRIVAO, ukawekwa hapa hapa mjini. Sasa fikiri mama aliyepoteza watoto katika siku zile sita, anasoma makala yako juu ya fidia, na chini yake anakuta kiungo cha mtu asiyejulikana kinachomwambia ajiandikishe hapa. Ataamini, kwa kuwa aliamini makala. Uaminifu ulioujenga kwa miaka miwili, mlaghai ameuazima kwa sekunde moja bila kukuomba.

Kisha kuna kiungo kinachoua. Tangu Februari 2023 Wambole na Walengola wamepigana katika komini ya Lubunga, ng'ambo ya mto, na katika vijiji vinavyozunguka, kwa mgogoro ulioanzia kwenye ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Mamia ya watu wameuawa, nyumba zimechomwa, na maelfu wamevuka mto kuja kulala katika shule na viwanja vya upande huu. Katika hali kama hiyo picha ya maiti yenye maelezo ya uongo haihitaji kuandikwa na wewe ili ikuhusu. Ikipita barazani pako, imepitia kwako. Sheria yetu ya kupinga ubaguzi wa rangi na ukabila ni ya zamani, ya tarehe 7 Juni 1966, na Kanuni ya Dijitali iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023 imeweka adhabu kwa wanaoeneza chuki za kikabila na habari za uongo kwa njia za kielektroniki. Lakini nisingependa mwanablogu achuje maoni kwa kuliogopa gereza peke yake. Achuje kwa sababu Lubunga iko mita mia kadhaa za maji kutoka anapokaa, na wanaosoma wanajuana kwa majina.

Hivyo katika masuala ya Lubunga mimi sina huruma na viungo. Picha au video ya mapigano isiyo na mahali, tarehe na mpigaji wake haipiti, hata ikiletwa na rafiki. Maneno ya mtu anayesema aliyoyaona kwa macho yake hupita baada ya kusomwa na watu wawili, na ingefaa sana mmoja wao awe anaelewa Kimbole au Kilengola, maana tusi la kikabila linajua kujificha ndani ya methali.

Hapo pana ugumu wa lugha ambao programu ya kuchuja taka haiwezi kuutatua. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya Tippu Tip katika karne ya 19, Lingala ikapanda mto pamoja na askari na meli, Kifaransa kikakaa ofisini, na leo msomaji wa Kisangani huanza sentensi kwa Lingala na kuimaliza kwa Kiswahili. Akismet, programu ya kuchuja inayokuja na WordPress tangu mwaka 2005, inakamata vizuri taka za Kiingereza. Uwezekano ni mkubwa kwamba itamshuku mzee wa Mangobo anayeandika lugha tatu kwa pumzi moja, na kumwacha mchochezi anayeandika Kifaransa safi. Kwa hiyo fungua ile folda ya taka kila siku chache uangalie ni nani amefungiwa humo bila kosa. Nimewahi kukuta humo ushuhuda ambao ulikuwa bora kuliko makala yenyewe.

Baada ya vitisho vyote hivi, kuna anayeshawishika kufunga mlango moja kwa moja: hakuna viungo, basi. Namwelewa, lakini nadhani anakosea, na sababu iko katika historia ya blogu zetu wenyewe.

Mwaka 2005 Cédric Kalonji, mwandishi wa Radio Okapi mjini Kinshasa, alianza kuonyesha maisha ya kila siku ya Wakongo kwa picha na maneno machache katika blogu yake, Congoblog. Mwaka huo huo, kule Helsinki, mpiga picha wa Tanzania Issa Michuzi alikutana na Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili, ambaye alimsaidia kufungua blogu iliyokuja kusomwa na Watanzania duniani kote. Wanablogu wa kizazi hicho walijuana kwa njia gani? Kwa viungo. Mtu aliacha maoni kwa mwenzake, jina lake likawa mlango wa kuingilia blogu yake, na aliyebofya akakuta nyumba nyingine yenye baraza nyingine. Hakuna aliyewakusanya, walikusanyana wenyewe. Redio ya Ufaransa RFI ilipoanzisha Mondoblog mwaka 2010, ikawa na jukwaa moja la wanablogu wanaoandika Kifaransa kutoka nchi nyingi, na Habari RDC ilipozaliwa mwaka 2016, ikiwaleta pamoja vijana wa Kongo chini ya jina la Kiswahili, mazoea hayo ya kutembeleana yalikuwa yamekwisha kukomaa. Ukizuia kila kiungo unamzuia pia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani aliyefungua blogu yake wiki iliyopita na hana njia nyingine ya kujulikana.

Kwa hiyo mimi huacha nafasi ya jina iwe na kiungo. Anayetoa maoni na aweke anwani ya blogu yake kwenye jina lake, mradi maoni yenyewe yanahusu makala. Viungo vilivyo ndani ya maneno ndivyo vinavyosubiri. WordPress ikifunguliwa mara ya kwanza huzuia maoni yenye viungo viwili au zaidi hadi msimamizi ayaone. Kwa Kisangani hiyo ni kulegeza mno. Ishushe iwe kiungo kimoja. Na kiungo kibaya kikija ndani ya maoni mazuri, usitupe maoni yote. Ondoa kiungo, acha maneno ya mtu, na uandike chini yake kwamba umekiondoa na kwa nini. Mtu aliyeondolewa kiungo mbele ya watu kwa heshima hurudi. Aliyefutwa kimya huenda kusema mjini kwamba blogu yenu imenunuliwa na wanasiasa.

Kanuni hizo ziandikwe juu ya kisanduku chenyewe, si katika ukurasa wa mbali ambao hakuna anayeufungua, na ziandikwe kwa lugha watu wanayogombania mpira, sio kwa lugha ya mkataba. Kitu kama hiki kinatosha: "Karibu barazani. Ukileta kiungo, tueleze kuna nini. Kazi, pesa na udhamini tutahakiki kwanza. Picha za vita bila mahali na tarehe hazipiti. Tukikuondolea kiungo, tutakwambia." Weka na Lingala yake pembeni.

Sasa jukwaa. Nenda Wagenia utazame jinsi mitego yao ilivyokaa. Vikapu vile vikubwa vyenye umbo la pia vinaning'inia kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maji yanayokimbia na kufungwa kwa kamba za msituni. Mto unapong'oa mti, Mwagenia anakata mwingine na kuufunga, kwa sababu mti ni wake na ujuzi wa kuufunga ni wake. Wengi wetu tumening'iniza vikapu vyetu kwenye miti ya watu wengine.

Tazama kilichotokea. Desemba 2002 redio ya vijana ya Ufaransa, Skyrock, ilifungua Skyblog, na kwa miaka kadhaa hapo ndipo palipokuwa shule ya kwanza ya kublogu kwa vijana wanaosoma Kifaransa, wa Afrika wakiwamo. Tarehe 21 Agosti 2023 ilifungwa. Gazeti la Le Monde lilikuwa na jukwaa la blogu za wasomaji, likalifunga Juni 2019. Na kuna kisa kinachonigusa zaidi kwa ajili ya sura hii. Google iliwahi kuwapa wenye blogu za Blogger nafasi ya kutumia Google+ kama kisanduku cha maoni, na wengi wakakubali. Mwaka 2019 Google+ ilipofungwa, makala zilibaki na maoni yote yaliyopitia huko yakafutwa. Mwenye nyumba hakuguswa. Waliokuwa wamekaa barazani kwake walipotea wote, na alichokuwa amefanya ni kubonyeza kitufe cha kukubali.

Watu huniuliza, kwa nini tusiandike Facebook tu, ambako kila mtu yuko? Andikeni huko pia. Lakini huko mtakuwa wapangaji. Kanuni ya viungo ni ya Facebook, uchujaji ni wake, na makala ya mwaka jana haipatikani hata na aliyeiandika. Kikundi chenye pesa kidogo kinunue jina lake la tovuti na kuweka WordPress kwenye seva ya kulipia. Kisicho na pesa kitumie WordPress.com au Blogger, ambazo zote zinakuruhusu kupakua faili lenye makala na maoni. Kwangu hilo ndilo swali la kwanza kabla ya uzuri wa ukurasa: nikitaka kuhama kesho, nitatoka na mizigo yangu, na wageni wangu watatoka nami?

Kukaa katika jukwaa la jumuiya, kama Habari RDC au Yaga ya ndugu zetu wa Burundi, ni jambo jingine, na kwa anayeanza ndilo ninalolipendekeza. Unapata mhariri, unapata wasomaji, na mzigo wa mlango unabebwa na watu waliofundishwa kuubeba. Uliza mapema tu kama makala yako unaweza kuitunza pia kwako.

Tanzania inatukumbusha kwamba hata mti wako mwenyewe unaweza kudaiwa kodi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa kuwa na leseni kwa ada zilizofika shilingi milioni 2.1, na zikawabebesha wajibu wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. JamiiForums, iliyokuwapo tangu mwaka 2006, ilijizima kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Blogu ndogo nyingi zilinyamaza. Kwa mtu anayeblogu peke yake jioni baada ya kazi, saa 12 ni usingizi mmoja na safari moja ya mtoni.

Kwetu pigo lilikuja kwa namna nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini kote. Ilirudi karibu tarehe 19 Januari 2019. Watu huzungumzia siku zile kama siku za ukimya, na kwa sisi tuliokuwa ndani zilikuwa hivyo. Lakini blogu zetu hazikukaa Kongo. Zilikaa kwenye seva za Ulaya na Marekani, zikiwaka kama kawaida, na roboti za viungo hazikukatiwa chochote. Kwa karibu majuma matatu nyumba zetu zilikuwa wazi kwa dunia nzima isipokuwa kwa wenyewe.

Kila kikundi ninachokaa nacho nakisimulia hilo, kisha naomba mambo mawili. Mlango wa maoni uwe na tabia ya kujifunga wenyewe: maoni ya mgeni wa kwanza yasubiri daima, ili msimamizi akipotea, kisanduku kinyamaze badala ya kufurika. Na ufunguo mmoja uwe nje ya nchi, kwa mwenzetu aliye Kampala au Brussels, mtu anayejua Lubunga ni nini na anayeweza kusoma Lingala na Kiswahili kwa pamoja.

Sehemu kubwa ya zile Skyblog imehifadhiwa, nashukuru, na maktaba ya taifa ya Ufaransa pamoja na INA, taasisi ya taifa ya huko ya kuhifadhi sauti na picha. Ila hifadhi hiyo ya wavuti husomwa ndani ya vyumba vya maktaba huko huko Ufaransa. Aliyeandika shairi la mapenzi kutoka cyber ya Kisangani akiwa na miaka kumi na saba anahitaji viza ili alisome, na maoni ya rafiki zake yako chini yake.

Ndiyo maana vijana ninaofanya nao kazi wana desturi ya Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mmoja anapakua faili la blogu, makala na maoni pamoja. Mwingine anapitia viungo vya zamani, na kilichokufa anakiondoa na kuacha ile mistari miwili ambayo mgeni aliandika kukieleza. Faili linawekwa kwenye flashi mbili. Moja inabaki Makiso, na ya pili inavuka mto kwa pirogi hadi Lubunga, kwa dada mmoja anayeitunza ndani ya kopo la maziwa, pamoja na vyeti vya watoto wake.